Bendi Iliyokua Hadi Ikawa Kwaya

Nilipokuwa kijana Kampala niliipenda bendi moja ya roki ya Wamarekani kwa sababu magitaa yake yalilia kama mabati yanayobomolewa, na mwimbaji alifoka kama mtu aliyekanyaga msumari. Kila albamu mpya ilipunguza kelele. Kikaingia kinanda, kisha midundo ya kompyuta, nami nikazidi kuwatetea: "Wanakua hawa."

Kiangazi kilichopita walikuja hapa Stockholm, Uswidi, ninakoishi sasa. Nikaenda na mke wangu, ambaye anaongoza kwaya ya kanisa letu kule Spånga, pembeni mwa jiji. Mwimbaji alitokea amevaa kanzu nyeupe, akatuomba tushikane mikono, tufumbe macho na tusameheane. Nyuma yake wanawake ishirini wakaitikia "aaa".

Mke wangu akaninong'oneza, "Baba watoto, miaka yote hii unaikimbia kwaya yangu, eti inakuletea usingizi. Na hii je?"

"Hii ni roki," nikasema.

"Basi wale wa sauti ya kwanza wanashuka chini ya noti."

Mswidi niliyemshika mkono, aliyevaa fulana kuukuu ya bendi, alikuwa analia. Sikumwuliza kama ni furaha au msiba.

Jumapili nilikwenda kuisikiliza kwaya. Angalau wao bado wana mpiga ngoma.