Kidole Kilichopinda Pichani

Kwenye kozi ya walimu Nakuru, Mzungu mmoja alitufundisha kwamba mchoraji hujulikana kwa jinsi anavyochora masikio na vidole. Nilirudi Molo nikijiona mtaalamu.

Jumapili, kwenye maonyesho ya kanisa, nilisimama mbele ya picha isiyo na jina la mchoraji, ya mwanamume aliyesinzia kitini.

“Tazameni kidole hiki,” nikawaambia walimu wenzangu nikinyoosha mkono. “Kimepinda. Huyu hajui kuchora mkono wa mtu.”

Walitazama picha, kisha kidole changu mwenyewe, kilichovunjwa na plau nikiwa kijana, kikapona kimepinda.

Mke wangu, aliyekuwa akiwagawia wageni chai, aliweka birika chini.

“Baba Njeri, huyo ni wewe,” akasema polepole. “Niliogopa tu kuandika jina langu.”