Ubao wa Makopo

Mama alirudi kutoka hospitali upande mmoja umepooza na sauti imebaki ndogo mno. Asubuhi alikuwa na nguvu ya kusema maneno machache. Ikifika jioni amekwisha kabisa. Na asubuhi ndipo jirani yetu pale Handeni, aliyenunua mashine ya kusaga baada ya serikali kuruhusu biashara za watu binafsi, alipoiwasha nyuma ya ukuta wetu. Hata nilipotega sikio midomoni pake, niliambulia mvumo tu.

Nilimwendea jirani.

"Shikamoo mzee. Naomba asubuhi upumzike kidogo, nipate kumsikia mgonjwa wangu."

"Marahaba, mwanangu. Watu wanatoka Kang'ata na punda. Niwaambie warudi na mahindi yao?"

Nilimchukia, ingawa alikuwa na haki.

Kiwanda cha mkonge kule Korogwe kilikuwa kimenipunguza kazini, kwa hiyo muda nilikuwa nao. Kwanza nilitundika ukutani godoro la makapi ya mkonge. Lilimeza mchakacho wa mahindi, lakini ule mvumo mzito ulipita tu. Kuongeza unene sikuweza, maana kati ya kitanda na ukuta palibaki upana wa kiganja tu. Ndipo nikakumbuka chupa. Ukiipuliza mdomoni hulia sauti yake, na kelele ya sauti hiyo hiyo ikiifikia, chupa huinywa kiasi. Nikaokota makopo ya maziwa, nikayaziba, nikayapanga nyuma ya ubao mwembamba, kila kopo na tundu lake. Nilipuliza moja moja na kutanua matundu mpaka yakalia sawa na mashine.

Kumbe nilikuwa nimeisikiliza mashine ikipashwa moto, kabla ya mteja wa kwanza. Fundi mzima! Ilipopewa mahindi ililemewa, sauti ikashuka, ubao wangu ukabaki pambo. Nilikaa sakafuni nikalia. Mama alinitazama, akasema kitu, sikukisikia.

Marekebisho yalinila wiki tatu. Katika kila tundu nilichomeka kipande cha tete ili kopo lilie chini zaidi, nikapima sauti upya wakati magunia yakisagwa. Nilikuwa silali vizuri, na chakula kilinishinda. Niliogopa mama atakufa na maneno yake kinywani.

Asubuhi moja mashine ikifanya kazi, mvumo ulipungua pale penye mto wake.

"Nirudishe Misima," mama alisema. "Nikafie kwetu. Kila siku nakuomba, unaitikia ndiyo, halafu hatuendi."

Ni kweli, niliitikia. Ningemjibu nini mgonjwa anayenikazia macho hivyo? Nilimshika mkono, nikamweleza kwamba siku zote hizo sikuwa nimesikia hata neno moja.

"Sasa umesikia," alisema.

Jumatatu ya wiki ile daktari alikuwa amekwisha kuniambia kwamba, kwa gari lolote lile, mama asingefika Misima akiwa hai.