Gauni Lililotembea Peke Yake

Vijana wa Fomu Wani, kaeni vizuri. Nimestaafu kazi ya video nikiwa na miaka kumi na saba. Mgongo bado uko sawa, lakini kuna usiku nikikumbuka najifunika blanketi hadi kichwani hapa bwenini.

Siku ya kwanza kazini niliripoti Makao Makuu, Kitale. Makao Makuu yalikuwa chumba nyuma ya duka la mbolea, chenye kompyuta mbili, televisheni moja na mwenyewe, aliyetaka kuitwa Mkurugenzi. Alinitazama viatu kwanza.

"Unajua kompyuta ama unajua gemu?"

"Zote, bosi."

"Basi fagia."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kazi zamani zile, yaani mwaka jana.

Baada ya kufagia nilifundishwa kukata, maana yake kuondoa vipande ambapo mpiga picha alisahau kuzima kamera akarekodi nyasi. Halafu kurenda: unaiacha kompyuta iibane filamu nzima mpaka itoshe kwenye DVD. Hapo ndipo shida huanzia. Harusi ikiwa mbichi, rangi zinawaka. Ikishabanwa, suti nyeusi imekuwa kijivu na watu wote wamepauka kama magoti ya mtoto aliyenyimwa mafuta.

Mkurugenzi alinieleza sababu huku akitafuna muwa.

"Sikiza. Kompyuta inahesabu weusi kuanzia sifuri, TV inaanzia kumi na sita. Hiyo video imepikiwa TV. Ukiichungulia kwa kompyuta lazima itapauka. Usiguse kitu, bana. Weka kwa TV kwanza uone."

"Sawa, bosi," nikasema. Nilikuwa nimesikiliza mpaka kwenye sifuri.

Likizo ya shule haijaisha nikapandishwa cheo, nikatumwa Tawi la Bungoma. Tawi lilikuwa meza ndani ya duka la kinyozi, na mimi nikawa Meneja, Fundi na mlinzi. Kazi ya kwanza ilikuwa harusi ya Dada Nafula wa Kabuchai. Nyanya yake, tuliyemwita Kukhu, ndiye aliyemlea, lakini alivunjika mguu harusi ikikaribia na hakufika kanisani.

"Fundi," Nafula akaniambia, "sitaki maua yakiruka-ruka kwa picha. Nataka Kukhu anione. Ni hivyo tu."

Nikarenda. Ikapauka. TV ya kinyozi ilikuwa imekaliwa na wateja wakiangalia mpira, na nani angewaambia wapishe harusi? Nikaamua kutibu mwenyewe. Nikavuta weusi chini, nikakoleza rangi, nikarenda tena. Kwa kompyuta ikawaka! Nikajipigia makofi.

Jumapili, Kabuchai, sebule imejaa. Jenereta inanguruma nje, Kukhu yuko kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Nikaweka DVD. Mlango wa kanisa ukafunguka, gauni jeupe likaingia. Gauni tu. Juu yake, giza lililovaa shela. Kando, kola ya bwana harusi ikitembea bila shingo. Kwaya nzima ilikuwa meno.

Kukhu akasogea mbele. "Nafula, mbona naona nguo tu? Sura yako iko wapi?"

Watu wakanigeukia. Badala ya kusema nimeharibu, nikafanya kile ninachofanya darasani: mzaha.

"Si makosa ya video, Kukhu. Ni vile bibi harusi ni mweusi sana, kamera ikaogopa."

Binamu mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Nafula aliinuka akazima deki, polepole, kama mtu anayezima jiko.

"Huyo ni mweusi kama mimi," Kukhu akaniambia. "Na mimi, unaniona?"

Kesho yake Mkurugenzi alishuka Bungoma. Hakunigombeza. Aliichukua ile DVD ya kwanza, niliyoiona imepauka, akaiweka kwenye TV ya kinyozi. Nafula akaingia kanisani akiwa na mashavu, macho, hata jasho puani.

"Ilikuwa sawa tangu mwanzo," akasema. "Ni wewe ulimfuta. Sasa mpeleke kwao."

Nilirudi Kabuchai nikitamani nisikute mtu. Nikawakuta Kukhu na Nafula. Kukhu alitazama harusi mpaka mwisho bila kupepesa, akapiga makofi, akaomba irudishwe mwanzo. "Huyo hapa! Ona vile anatembea!" Kisha akaagiza nichinjiwe kuku, na nipewe firigisi. Mnajua firigisi kwetu hupewa nani. Mgeni wa heshima.

Nafula ndiye aliyeileta. Akaiweka mbele yangu, akaketi.

"Kula, Fundi," akasema. "Halafu sema ingine, tucheke."

Nilitafuna ile firigisi mpaka ikawa kama mpira wa kiatu.

Siku iliyofuata nilirudisha ufunguo wa Tawi, nikastaafu. Mkurugenzi alidhani nataka kuongezwa mshahara. Nyinyi mnaotaka kazi hii, dawa ya rangi kupauka mmeshaisikia: angalieni kwenye TV kabla ya kugusa kitu. Nyumbani siku hizi wakinipa firigisi, nasema nimeshiba.