Mkono Waliosema Umekufa

Habari nimeipata kwa mchunga ng'ombe aliyetoka Nyakunguru: jirani yangu wa zamani amefia katika kambi ya wenye ukoma, kidonda cha mkono kimemmaliza. Wasomaji wangu mmenizoea mimi mwalimu nikiandika kwa utulivu. Leo mnisamehe, naandika kwa hasira.

Siku alipopimwa nilikuwapo. Nilikaa kwenye benchi la zahanati nikingoja dawa ya malaria, mlango u wazi, foleni imejaa watu wa kwao, wakwe zake wakiwamo. Alikuwa na baka moja tu mkononi. Dresa, mhudumu wa zahanati, akamwambia atazame juu, akamchoma vidole kwa pini kupima ganzi. "Unaumwa?" Jirani yangu akaendelea kutazama juu. Akachoma tena, kwa nguvu. "Mura, mwanaume wewe, unaumwa au huumwi?" "Siumwi," akajibu, hata jicho halikupepesa. Jamani! Mkurya aliyetahiriwa mbele ya ukoo mzima bila kukunja uso, leo akiri maumivu ya pini mbele ya wakwe? Angezomewa hadi ng'ambo ya Mto Mara. Dresa naye alikuwa Mkurya, analijua hilo fika, lakini akatamka, "Mkono huu umekufa." Mke wa jirani yangu akapaza sauti mlangoni, "Hapana, bwana dresa, jana tu amemtoa mtoto chawa kwa vidole hivyo hivyo!" Akajibiwa, "Mama, kaa chini. Kipimo ni kipimo." Mumewe akapelekwa kambini.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe nilipomtembelea huko. Mhudumu mmoja wa kambi alimpima kwa unyoya wa kuku, faraghani, macho yamefumbwa, aonyeshe kila anapoguswa. Akapatia kote. Mganga wa kambi akacheka, akasema unyoya ni mchezo wa watoto, akashika jibu la pini. Na uchafu wenyewe ni huu: kwa kuwa mkono "umekufa", wakampanga jikoni kuipua masufuria ya uji bila kitambaa. "Wewe huungui," walimwambia. Akaipua. Malengelenge yakawa vidonda, vidole vikaoza, na mganga akiwaonyesha wageni: "Mnaona? Tulisema." Nikamuuliza jirani yangu kwa nini hakupiga kelele. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Mwalimu, nilie mbele ya wanaume?"

Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu maradhi hakuyaficha. Alificha maumivu, nasi ndio tuliomfundisha. Pini ile haikupima mishipa ya fahamu. Ilipima haya ya mtu mbele ya wakwe, kisha wenye elimu wakaiita sayansi. Ptu!

Jana nimekwenda kumpa pole mjane. Uani wazee walikuwa wakimsifu marehemu: mwanaume kweli kweli, hakulia hata siku moja. Mjane akaniambia polepole, "Usiku alipokuwa bado hapa alikuwa akilia, Mwalimu. Kwangu alikuwa akilia." Uji niliopewa nikauweka chini.

Basi, anayeshika pini, kwanza awatoe wakwe nje na kufunga mlango. Na sisi wenye watoto wa kiume tuwafundishe kusema "naumia" wangali na vidole.