Mshipi Uliokunjwa

Nikimzika Baba naye yuko hai, nitamwambia nini akirudi? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi juma lile nyumbani kwetu, karibu na Usenge. Nililigeuza kila upande. Kila nilipodhani nimelimaliza, lilinijia la pili, baya kuliko la kwanza: na nisipomzika naye amekwisha kufa, nitamwacha nje mpaka lini?

Baba alikuwa amepotea ziwani. Alitoka asubuhi na mapema kama kawaida yake, na kabla ya adhuhuri mtumbwi wake mdogo ulikutwa ukielea kando ya gugu maji, yeye hayumo. Nilikuwa sokoni Kibuye, mjini Kisumu, nikipanga nguo za watoto kwenye kibanda changu cha mitumba, wakati baba mdogo aliponipigia simu. Nina shahada ya takwimu. Nilifundishwa kupima uwezekano wa mambo, na tangu nimalize chuo sijapata kazi ya kupima chochote isipokuwa hofu zangu mwenyewe.

Kwetu, ziwa likimchukua mtu, ufuo mzima unasimama. Hakuna anayeshusha mtumbwi kwenda kuvua mpaka mwili upatikane, maana hakuna anayetaka kutupa wavu juu ya mtu aliyelala huko chini. Mwili ukikosekana kabisa, ukoo huangua tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kwenye mvungunya. Tunda huvishwa nguo za aliyepotea, likaliliwa na kuzikwa mahali pake. Likishafukiwa, kilio kimekwisha na nyavu zinarudi majini. Lakini nyumbani kwetu halizikwi mpaka mtoto wa kwanza wa kiume akubali. Mtoto huyo ni mimi.

Nami sikukubali, kwa sababu ya fimbo.

Ni lazima nieleze fimbo hiyo. Baba hakuwa mvuvi wa nyavu. Sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi milimani, Nyandarua, kwenye kambi moja wanakokwenda watu kuvua trauti. Huyo ni samaki wa maji baridi, mwenye madoadoa ubavuni. Zamani aliletwa kutoka mbali, akatiwa mitoni, akazoea, akawa wa mwitu. Havuliwi kwa chambo cha mnyoo. Anavuliwa kwa inzi wa bandia, ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu, na inzi huyo hurushwa kwa fimbo ndefu nyembamba na mshipi mzito, atue juu ya maji kama aliyechoka kuruka. Baba alianza kwa kubeba mikoba ya wageni. Akaishia kuwa ndiye anayewaonyesha samaki alipo.

Likizo za shule nilipelekwa kwake. Nakumbuka baridi kuliko kitu kingine chochote. Tulisimama mtoni maji yakiwa magotini, ukungu umeshuka mpaka kwenye mianzi, nami sioni ila maji meusi. Baba alinyoosha kidole. "Pale, nyuma ya jiwe. Analala mahali mkondo unapopumzika, na chakula kinampitia mdomoni." Akarusha. Samaki alipokuja mkononi hakumtupa majini. Alimshika chini ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akangoja. "Usimwachilie wewe," aliniambia. "Mshike tu. Akipata nguvu atajiondoa mwenyewe." Nilimshika mmoja hivyo mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Hakujiondoa. Aligeuka tumbo juu, akachukuliwa na maji. Baba hakunilaumu. Alisema wengine huwa wamekwisha choka kabla hujawagusa.

Maji yale ndiyo yaliyomla magoti na kifua. Aliporudi nyumbani kwa kustaafu alikuwa anakohoa na kutembea kama mtu anayekanyaga miiba. Lakini hakuweza kukaa. Alinituma kwa wauza kuku wa Kibuye nimletee manyoya ya shingo ya jogoo, mekundu, yasiyovunjika. Mama mmoja muuza kuku, aliyetoka upande wa Murang'a, aliniuliza, "Kijana, wenzako wananunua kuku, wewe unanunua koti lake?" Baba akayafunga manyoya hayo kwenye ndoana akiwaiga sami, wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kuingia mpaka kwenye uji. Kisha akapanda mtumbwi, akawa anawarushia samaki wa kwetu, ngege na mbuta wadogo, kando ya mafunjo. Aliowahitaji kwa chakula alikuja nao. Waliobaki aliwarudisha, kichwa kikielekea kule maji yanakotoka, ingawa ziwani ni vigumu kujua yanatoka wapi.

Ufuo mzima ulimcheka.

"Mzee huyu anawaogesha samaki kisha anawasindikiza kwao!"

"Mzee, huyo uliyemwachilia angenilisha mimi na mama mkwe."

"Basi nimekuokoa," Baba alijibu. "Mama mkwe akionja mara moja, hatoki kwako."

Walimpenda, nadhani. Walimcheka kila siku, na mtu huwezi kumcheka kila siku usipompenda kidogo.

Sasa fimbo. Nilipofika kutoka Kisumu mtumbwi ulikuwa umekwisha kuvutwa mchangani, na fimbo imelala ndani yake. Mshipi ulikuwa umekunjwa wote, na inzi amenaswa kwenye pete ndogo iliyo juu ya mpini. Baba alifanya hivyo kila alipomaliza kuvua, hata kama anahama hatua chache tu, ili ndoana isimchome mtu. Nikasimama pale nikipiga hesabu. Mtu anayeanguka majini akivua, mshipi wake huwa nje. Huyu alikuwa amemaliza. Alikunja mshipi kwa utulivu, akamfunga inzi, kisha ndipo jambo likatokea. Jambo gani? Huenda kuna chombo kilimpita naye akapanda. Huenda kifua kilimbana, wakampeleka hospitali ya ng'ambo bila simu, maana simu yake aliiacha nyumbani siku zote. Huenda alivuka mpaka wa nchi bila kujua, akashikwa. Kila huenda ilizaa nyingine. Nilimwambia baba mdogo kuwa sitazika tunda wakati kuna ushahidi.

"Ushahidi wa nini?" aliuliza.

"Kwamba aliondoka mwenyewe."

"Kwenda wapi, na miguu ile?"

Siku zilizofuata nilitembea ufuoni kila asubuhi, na kila asubuhi niliona kilichokuwa kinatokea kwa sababu yangu. Nyavu zilining'inia kwenye miti zimekauka kama utando wa buibui wa nyumba iliyohamwa. Vyandarua vya kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, vilikuwa vitupu, kuku wakivipitia bila kupata cha kudonoa. Gari la wanunuzi lilikuja na barafu, likarudi Kisumu na barafu ile ile ikidondoka njia nzima. Hakuna aliyenisema. Walinisalimu kwa upole kuliko nilivyozoea, na upole huo ulinichoma. Mama mmoja muuza omena aliniuliza hali ya nyumbani, nikaona kwamba mtoto aliyembeba mgongoni analia kilio kile chembamba cha njaa, na yeye anatikisa mabega taratibu ili nisimsikie.

Wengine walikuwa bado wanatafuta. Walipita kisiwa hadi kisiwa, wakipekua mafunjo na gugu maji. Mwenyekiti wa ufuo alikuja jioni moja, akavua kofia, akakaa kwenye kiti bila kuegemea.

"Hatukuharakishi," alisema. "Mzee alikuwa wetu."

"Najua, Mwenyekiti."

"Tutangoja mpaka useme."

Afadhali angenigombeza. Nilianza kufikiri kama afikirivyo mtu aliyekosa usingizi: labda nisubiri juma moja zaidi, labda nitoe tangazo redioni, labda niende Luanda Kotieno, maana vyombo vingi hupita huko. Nikaenda Luanda Kotieno. Nilizunguka gatini nikiwaonyesha watu picha ya Baba kwenye simu, wanaoshuka feri ya Mbita na wanaoipanda. Mfanyakazi mmoja wa feri aliishika simu yangu karibu na jicho.

"Anafanya kazi gani, huyu Mzee?"

"Anavua kwa fimbo. Wengine anawarudisha majini."

"Anawarudisha?" Alinirudishia simu. "Huyo, ndugu yangu, ningemkumbuka."

Niliporudi, Mama alikuwa ameketi nje akichambua mboga ambazo hakuna aliyetaka kula. Mwanamke ambaye mumewe hajulikani aliko hana mahali. Si mke, si mjane. Hakuweza kwenda sokoni, wala kanisani kukaa mahali pake pa siku zote, na waliokuja kumtembelea hawakujua wamwambie pole au wasimwambie.

"Umempata?" aliuliza, ingawa aliniona niko peke yangu.

"Bado. Mama, ukiambiwa yuko hai na sisi tumemzika, utasemaje?"

"Atanicheka mpaka akohoe." Aliendelea kuchambua. "Wuoda," akasema, mwanangu, kwa sauti ambayo hutumia ninapougua, "akiwa hai, tutacheka wote. Akiwa amekufa, bado yuko kwenye baridi. Na baridi anaichukia tangu arudi kutoka kule."

Nilimwambia habari za inzi aliyenaswa kwenye pete. Sikuwa nimemwambia kabla. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umewauliza waliouleta mtumbwi?"

Sikuwa nimewauliza. Aliyeuona kwanza alikuwa kijana mmoja mvuvi wa mbuta, ndiye aliyeuvuta hadi nyumbani, na saa ile ile akageuza injini kwenda kutafuta na wenzake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Lakini walikuwa wamerudi tangu jana yake. Mtu anayetaka ushahidi angekuwa amekwisha kwenda.

Nilimkuta kando ya mtumbwi wake, amelala kwenye kivuli cha turubai, kofia usoni. Aliposikia sauti yangu aliketi haraka, akajifuta mchanga.

"Omera, ndugu yangu, pole," alisema. "Tumepita mpaka mahali tulipokatazwa. Hatukuona kitu."

"Asante. Nataka kukuuliza kuhusu fimbo. Ulipoukuta mtumbwi, fimbo ilikuwaje?"

"Ilikuwa imebanwa kwenye ubao wa kukalia. Nusu ndani, nusu nje."

"Na mshipi?"

"Aa, mshipi ulikuwa umetapakaa wote majini, umeshika gugu maji. Niliukunja." Alizungusha mkono hewani akionyesha. "Niliogopa utaingia kwenye injini nikivuta."

Nilisikia maneno hayo na bado nikauliza, kwa sababu ndivyo nilivyo. "Na inzi? Nani alimfunga kwenye pete?"

Aliona haya kidogo. "Mimi. Nilikuwa namwona Mzee akifanya hivyo kila akimaliza. Nikafikiri nisiurudishe mtumbwi kwake ovyo ovyo. Nilikosea?"

"Hapana," nikasema. "Hukukosea."

Aliendelea kuniangalia kama mtu aliyevunja chombo cha mwenzake. Nilikuwa nimeujenga uhai wa Baba juu ya adabu ya kijana huyu. Huenda zangu zote zilikuwa zimesimama juu ya pete moja ndogo ya chuma, na sasa zilianguka kimya, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki picha ambayo nilikuwa nimeikimbia tangu siku ya kwanza: mzee mwenye kifua kibovu, mshipi nje, magoti yanayokataa kumwinua, na maji.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kutoka pale pale. Alikuwa mlangoni kwake akinoa panga.

"Naomba panga hilo," nilisema.

Alilifuta ncha kwa shati lake, akanipa.

Mvungunya uko bondeni, kwenye kijito kilichokaribia kukauka. Baba mdogo alikuja nami. Nilichagua tunda refu, nikalikata mwenyewe, nalo likaanguka kwa kishindo kilichowaamsha ndege wote. Nililibeba begani. Sikutarajia uzito ule. Nyumbani Mama alilipokea kwa mikono miwili, akalipangusa vumbi kwa kanga yake, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, na majirani waliosikia wakaanza kuingia wakilia nao. Tulilivika koti la Baba la kuvulia, lile la mifuko mingi, na inzi wake wa manyoya ya Kibuye bado wamechomekwa kifuani. Nilifikiri nimtoe mmoja niwe naye. Nikamshika, nikamwacha.

Asubuhi niliingia kaburini mimi mwenyewe kulipokea tunda. Waliniteremshia, nikalikumbatia, nikaliweka kichwa kikielekea ziwa. Mikono yangu ilikataa kutoka chini yake. Nilikaa hivyo nimeinama, nikingoja sijui nini.

"Achilia sasa," baba mdogo alisema kutoka juu, taratibu.

Nikaachilia. Wakanivuta juu kwa mkono, wakanipa jembe, nikamwaga udongo wa kwanza juu ya koti. Kisha nikamgeukia mwenyekiti, aliyesimama na wavuvi wake nyuma ya akina mama, nikamwambia washushe mitumbwi.