Nadhiri Isiyokuwa Yangu

Kabla ya vita, nyumba yetu ya Kinondoni ilikuwa nyumba ya walafi, na nasema hivyo kwa mapenzi. Ijumaa tulikula nyama ya ng'ombe. Siku nyingine muuza samaki wa Msasani alipita na mzega wake begani, na mimi na kaka yangu tukagombania kichwa cha changu mpaka mama atutishie kwa mwiko. Baba alikwishafariki. Tulikuwa watatu tu, na kitoweo kilitutosha.

Kisha kaka akachukuliwa kwenda kumpigania Mwingereza huko Bama, ng'ambo ya bahari, kupita Bara Hindi. Asubuhi alipoondoka, mama alitawadha, akakaa juu ya mswala, akatia nadhiri kwa sauti: mwanawe akirudi salama atachinja mbuzi na kusomesha maulidi, na mpaka siku hiyo chenye damu hakitaliwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia kila neno. Mwalimu wa msikitini alipopata habari alikuja kumweleza kwamba nadhiri ya mbuzi ni sawa, lakini alichokihalalisha Mungu haifai mja kujiharamishia. Mama alimkaribisha kahawa, akamsikiliza kwa adabu zote. Alipokwenda zake, mama akaniambia, "Mwalimu hana mtoto Bama."

Tangu hapo chenye damu hakikupikwa kwetu, si nyama, si kuku, si samaki, na mimi nikachukulia kwamba nadhiri ni ya nyumba nzima. Muuza samaki aliendelea kupiga hodi kwa mazoea, na mama akimjibu, "Pita kwa wenzio, baba." Mbuzi pekee aliyebaki nyumbani alikuwa wa kukunia nazi.

Mwanzoni nililia. Nilikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa hashibi dua. Lakini mama alikuwa na mkono mtamu, Mungu amrehemu. Kisamvu alikitwanga mwenyewe mpaka kikalainika, akakichemsha kwa saa nyingi na tui jepesi, kisha lile tui zito likaingia mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa. Asubuhi tulikula mbaazi za nazi, mchana ugali au muhogo kwa kunde, na biringanya alizichoma kwenye makaa mpaka ngozi ikabanduka, akaziponda kwa chumvi, ndimu na pilipili. Hata leo nikinusa kisamvu kinachotokota, namwona ameinama juu ya mafiga, kanga kaifunga kifuani, akidondosha mchuzi kiganjani ili auonje. Mwaka haukuisha nikawa sikumbuki tena kulia.

Barua za kaka ziliandikwa kwa herufi za kizungu, na mama alijua kusoma za Kiarabu tu. Tulizipeleka kwa karani mmoja Mkristo kutoka bara, aliyepanga nyumba ya pili. Nilimpa shikamoo, naye akaitika, akavaa miwani na kutusomea polepole. Kila barua iliuliza tunakula nini. Mama alimwambia karani, "Mwandikie tunakula vizuri."

Mwaka wa pili wa nadhiri, shangazi yangu wa Mikocheni alisomesha maulidi. Mama alikuwa na homa, kwa hiyo nikaenda na majirani. Watoto tuliwekwa wanne wanne, kila kundi na sinia lake la pilau, nyama imerundikwa katikati. Ada yetu ni kula upande wako na kungoja mkubwa akugawie nyama. Nilikuwa nachagua wali mtupu nilipomsikia shangazi nyuma yangu. "Mwone huyu, kawa mbuzi kwa majani," alisema, akanisukumia kipande upande wangu.

Ningetaka kusema nilisahau. Sikusahau. Nilikula nikijua, nikala na cha pili. Niliporudi nyumbani nilijisugua mikono kwa majivu na ndimu tatu, nikamwambia mama nimechoka, nikaenda kulala.

Baada ya hapo barua hazikuja. Ukapita mwezi, wa pili, wa tano. Karani akaanza kumkwepa mama njiani, na wanawake wa mtaani wakawa wanatuletea vyakula kama watu wenye msiba. Wote walijua maana ya ukimya ule, lakini sababu yake niliijua mimi peke yangu. Nilikuwa nimemuua kaka yangu kwa vipande viwili vya nyama. Ili nimlipe Mungu niliacha na tui pia, nikawa nala kisamvu chukuchuku, bila nazi wala chumvi. Mama aliniwekea kiganja kwenye paji la uso akidhani naumwa, na kila aliponigusa nilitamani kumwambia, nikaogopa.

Alasiri moja nilikuwa uani natwanga. Mtu mwembamba ndani ya kabuti la jeshi akasimama penye ua wa makuti, akasema, "Mnatwanga nini huko? Nawasikia toka njiani." Mchi ulinitoka mikononi. Kumbe miezi yote hiyo kaka alikuwa amelazwa hospitali ya jeshi, mkono wake wa kuandikia umevunjika, na barua alizoandikiwa na wenzake hazikufika.

Mbuzi alichinjwa, maulidi yakasomwa. Mama, ambaye hakuonja nyama kwa miaka mitatu, siku ile aliguguna mpaka mifupa. Mimi nilitia kipande kinywani, nikakitema kiganjani. Mama aliponiuliza nina nini, nilimvuta nyuma ya jiko nikamweleza yote huku nalia.

Aliacha kutafuna. "Nadhiri ilikuwa ya kinywa changu mie," alisema. "Wewe sikukufunga, mwanangu. Ulikula majani kwa kuwa sikuwa na nguvu za kupika vyungu viwili."

Kisha akaongeza, "Na ndimu zangu tatu nilijua zilikokwenda. Nilifurahi umepata kitoweo."

Nilikasirika kuliko nilivyofurahi. Miezi yote ile ya hofu, na neno moja tu lingetosha kuiondoa, lake au langu. Yeye alinikumbatia huku mikono yake ikinuka mafuta ya mbuzi.

Hata hivyo sikurudi kwenye nyama. Mama aliyeweka nadhiri alikula nyama mpaka alipofariki, na mimi nisiyeiweka nikazeeka na kunde zangu. Watu niliwaambia tumbo langu haliiwezi. Kaka naye, kila alipokuja kunitembelea, aliniletea fungu la kisamvu na kuniambia, "Nimemletea mbuzi wetu malisho." Nilicheka pamoja naye. Sikumwambia kamwe kwamba, ingawa nilijua nadhiri haikuwa yangu, sikuthubutu kuijaribu mara ya pili.

Kaka alifariki akiwa mzee, kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka. Siku ya hitima yake nilikaa kwenye sinia na wanawake wenzangu, nikachukua kipande cha nyama katikati ya pilau, nikakila chote. Kesho yake nilirudi kwenye kisamvu changu. Kile kipande nilikila kwa kuwa sikuwa tena na mtu wa kumlinda.