Siku Waliyorekodi Kimya Chetu

Hadi leo nikisikia mbao mbili zikigongana, kap!, shingo yangu hugeuka kabla akili haijaniambia kitu. Maseremala wa hapa Korogwe wamenizoea, hunicheka tu. Hawajui kwamba mlio huo uliingia uani kwetu Kwaluguru nikiwa darasa la tatu, miaka ile ya ruksa, magulio ya Handeni yalipofurika mitumba na redio mpya huku zahanati yetu ikibaki na kabati tupu.

Waliokuja na kile kibao cha kugongesha, kinachogongwa mbele ya kamera kila picha inapoanza, walikuwa wawili: Bwana Festo, mtu wa Dar mwenye maneno laini, na mpiga picha wake asiyependa kusema. Mwenyekiti wa kijiji alitueleza kwamba wanatengeneza filamu ya mambo ya kweli, kuhusu wazazi waliofiwa na watoto kwa homa. Mama alikuwa mmoja wao. Mdogo wangu Selemani alifariki masika yaliyotangulia, mgongoni mwa mama, njiani kwenda Segera kutafuta gari la kuwafikisha hospitali.

Baba hakuamini hata neno. Kilichomtia shaka ni ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera.

“Chombo hiki nakijua,” alininong’oneza. “Kilipita kwa wajomba zako kupima ardhi. Nyuma yake zikaja bikoni za mipaka, na nyuma ya bikoni akaja mwenye shamba.”

Basi kila walipoihamisha ile miguu, baba naye alihama. Aliweka kigoda kati yao na mahindi yake, panga mapajani, akajifanya ananoa. Alilinoa panga lile mpaka nikaogopa litakwisha.

Mama aliambiwa aende kisimani, akaenda, akarudi na ndoo imejaa. Akaambiwa arudie, kwa sababu sasa wangempiga picha kwa mbele.

“Mwanangu, maji nimeshateka,” alimwambia Festo. “Nirudi kuteka nini?”

“Tembea tu, mama. Na samahani, usitutazame. Fanya kama hatupo.”

Majirani waliojazana kwenye ua waliangua kicheko. Wanaume wazima wawili, mmoja ameshika kipaza sauti chenye manyoya kama paka aliyekaushwa juu ya fimbo, eti tufanye hawapo!

Lakini lililomkera baba kuliko yote lilikuwa jingine. Festo alituomba sote tusimame pale tulipo, tusikohoe, ili warekodi kimya cha ua wetu. Alisema kila mahali pana kimya chake, na wao hukitumia kuunganishia vipande vya filamu. Tukasimama kama tunaosubiri dua. Nilisikia kuku akiparura, na upepo kwenye majani makavu ya migomba. Walipomaliza, baba alitema mate pembeni.

“Mtu anayechukua hata kimya,” alisema, “ataacha nini?”

Kisha wakamkalisha mama kwenye mkeka, wakamuuliza habari za Selemani. Alijibu taratibu, akitazama mikono yake. “Hakuna aliyeniambia,” alisema. “Nilijua pale mgongo ulipopoa.”

“Ulijisikiaje, mama?” Festo akauliza.

Mama akasema, “Nina chungu jikoni,” akanyanyuka. Tukamsikia akipuliza moto. Mpiga picha aliinua kamera begani, akamfuata, akasimama mlangoni. Safari hii kibao hakikugongwa.

Kiangazi kilipoingia tukaalikwa ukumbini Korogwe kuiona filamu. Mama alionekana ukutani, mkubwa kuliko nyumba yetu. Akasema habari za mgongo kupoa, na sauti ya Festo ikauliza alijisikiaje. Hapo hapo tukamwona jikoni, ameinama, anajifuta macho kwa ncha ya khanga, na chini ya picha ile kinasikika kile kimya chetu, chenye kuku na migomba. Wanawake ukumbi mzima wakaanza kulia.

“Ukiona vyaelea, vimeundwa,” baba aliguna.

Mama akasimama. “Jamani, huo ni moshi!” alipaza sauti. “Kuni zilikuwa mbichi. Mimi sikulia!”

Wengine wakacheka, wengine wakaendelea kujifuta. Tulipokuwa tukitoka, Festo alitukimbilia mlangoni, jasho likimtoka. “Shikamoo mama. Sikuongeza kitu, wallahi. Nilipunguza tu.”

“Marahaba. Umepunguza chungu,” mama alimjibu. “Nilisema nina chungu jikoni. Kiko wapi?”

Baba alirudi nyumbani kifua mbele, akimsimulia kila abiria jinsi mkewe alivyomnasa tapeli wa mjini. Bikoni hazikuja kamwe, lakini hakuacha kutukumbusha kwamba alituonya.

Nami nilikua nikiamini hivyo: Festo mwongo, mama mkweli. Ilinichukua miaka kugundua kwamba Selemani akitajwa tu, mama hukumbuka kitu jikoni. Mwaka mmoja nilipokwenda kumsalimia, nikiwa sasa na mtoto wangu mgongoni, jirani alimtaja. Mama akanyanyuka, nami nikamfuata. Nilimkuta ameinama kwenye mafiga, anapuliza. Majivu yalikuwa ya jana, hayana kaa hata moja.

Nikaelewa kwamba kuni za siku ile ya kamera huenda zilikuwa mbichi kweli, na Festo, kwa hila yake ya kukata na kuunganisha picha, huenda alifika mahali ambapo mama hakutaka mtu afike. Sikumwita. Nilirudi uani kwa kunyata, nikaanza kuosha masufuria kwa kelele, ili ajue kwamba niko mbali.